"Haya" yenye maana mbili: ajali ya kwanza ya dereva mwanafunzi

Binti bado ni kijana. Leseni ya kujifunzia anayo. Mkanda alikuwa amefunga, simu ilikuwa ndani ya mkoba kwenye kiti cha nyuma, garini walikuwa wawili tu, na wakati anagongwa gari lake lilikuwa limesimama. Natanguliza hayo kwa sababu kila aliyesikia kisa hiki aliuliza maswali yaleyale: alikuwa kwenye simu? Alikuwa mbio? Alipakia marafiki? Akishajibiwa hapana, hapana, hapana, ananyamaza kidogo kisha anasema, "Basi ni bahati mbaya."

Sikubaliani. Ajali hii ina maelezo yake, na sehemu ya maelezo hayo inanigusa mimi, maana masomo yake kumi ya mwanzo nilimfundisha mimi. Wenyewe wameniruhusu niandike. Majina nimeyaacha.

Ilivyokuwa

Ilikuwa asubuhi, mvua imekatika muda si mrefu, lami bado inang'aa. Binti alikuwa anaendesha gari la mjomba wake, gari dogo la gia za mkono, na mjomba mwenyewe amekaa kiti cha abiria. Walikuwa wanatoka barabara ndogo kuingia barabara kuu, na walitaka kukata ng'ambo, yaani kuvuka kwanza njia ya karibu ndipo waunge njia ya mbali. Mwenye kukata hivyo hana budi apate nafasi pande zote mbili kwa wakati mmoja. Magari ya njia ya karibu yanamjia kutoka upande wake yeye dereva, na ya njia ya mbali yanatokea upande wa abiria. Hiyo "wakati mmoja" ndiyo ngumu. Wapo wenye leseni ya miaka mingi ambao bado inawatoa jasho.

Nimewasikiliza wote wawili, kila mmoja peke yake, na dereva wa pikapu iliyowagonga nilizungumza naye kwa simu. Maneno yaliyosemwa ndani ya gari hayazidi mstari mmoja, na wote wawili wanayakumbuka vilevile, jambo ambalo si la kawaida kwa watu waliopata ajali.

Binti alisema, "Mjomba, niende?"

Mjomba, uso ukiwa umeelekea dirishani kwake, akasema, "Haya, huku hamna kitu."

Binti akaachia klachi, gari likaanza kutoka. Mjomba akageuza shingo upande wa pili, akaona pikapu. "Simama! Simama, mama!"

Akakanyaga breki. Klachi hakuigusa. Gari likashtuka, likaruka mbele kidogo na kuzima, pua ikiwa imefunga zaidi ya nusu ya njia ya karibu. Pikapu ilifunga breki, ikajaribu kukwepa kuelekea katikati ya barabara, haikutosha. Ikachukua kona ya bampa, taa ya upande wa dereva na madigadi yake. Kibao cha L kilichokuwa kimefungwa mbele kwa uzi kilibaki kinaning'inia kwa tundu moja.

Wote walishuka na miguu yao. Kesho yake shingo ilimkaza binti, akapelekwa hospitali, wakampima na kuona ni misuli tu. Maumivu ya shingo ya baada ya kugongwa mara nyingi hungoja siku moja ndipo yajitokeze, kwa hiyo mtu asiseme "mimi mzima" pale barabarani halafu akaona aibu kwenda kupimwa baadaye.

Hatua hamsini na nane

Wiki ile ile nilienda kwenye makutano yale nikayapima kwa miguu. Binti alinionyesha nguzo ambayo pikapu ilikuwa inaipita yeye alipoachia klachi, na dereva wa pikapu, bila kuambiwa jibu la binti, alitaja nguzo hiyohiyo. Kutoka nguzo hadi pale walipogongana nilihesabu hatua 58, ambazo kwa miguu yangu ni kama mita 45.

Dereva wa pikapu anasema alikuwa kwenye kilometa 50 kwa saa, na sina sababu ya kumkatalia. Mwendo huo ni karibu mita 14 kila sekunde. Mtu aliye macho anahitaji kama sekunde moja na nusu kuanzia aone jambo hadi mguu uanze kukandamiza breki, na muda wote huo gari linakwenda vilevile: mita 21 zimeshaliwa. Kwenye lami iliyolowa, kwa breki nzima, anahitaji kama mita 21 nyingine ili asimame. Jumla 42. Alikuwa na 45. Kwa hesabu hiyo angesimama, pua kwa pua, kwa kuponea chupuchupu.

Hakusimama kwa sababu alichelewa nusu sekunde. Nilimuuliza kwa nini. Akajibu, "Nilidhani anapita." Alimwona binti akitoka, akatoa mguu kwenye mafuta ili ampe nafasi amalizie kuvuka, kisha ghafla gari likasimama katikati ya njia yake. Nusu sekunde ni mita 7. Mita 7 zikitolewa mahali palipobaki mita 3, wanagongana, na mwendo wa kugongana unakuja kama kilometa 20 na kitu kwa saa, jambo linalolingana na madigadi niliyoyaona.

Je, binti angeendelea tu ingekuwaje? Nimeipiga hesabu hiyo pia. Kwa kasi ya mwanafunzi anayeondoka taratibu, mkia wa gari lake ungekuwa unatoka kwenye ile njia wakati pikapu inafika. Unatoka, haujatoka. Kwa hiyo simlaumu mjomba kwa kupiga kelele, kama ambavyo wengi walimlaumu. Alichokiona kilistahili kelele. Tatizo ni kwamba ile "simama" ilikuja baada ya uamuzi wa kwanza kuwa umeshamfikia dereva wa pikapu, naye ameshaujengea uamuzi wake. Amri ya pili ikawavuruga watu wawili kwa mpigo, mmoja wao akiwa hata hakuisikia.

Zulia la upande wa abiria nililikuta limekunjamana, limesukumwa hadi ukutani. Mjomba alikuwa amekanyaga breki isiyokuwepo. Gari la shule ya udereva lina breki ya pili upande wa mwalimu; gari la nyumbani halina. Kwenye gari la nyumbani breki ya mwalimu ni mdomo wake, na mdomo unapitia sikio la mwanafunzi, akili yake, kisha mguu wake. Njia hiyo ni ndefu.

"Niliiona, mwalimu"

Nilipomuuliza kama aliangalia upande wake, alikasirika kidogo. "Niliiona, mwalimu. Niliona iko mbali."

Namwamini. Gari linalokujia uso kwa uso halionekani kusogea; linaonekana kukua, na linakua kwa hila. Likitoka mita 90 hadi 45 umbo lake machoni linaongezeka mara mbili, na kwa mwendo ule linachukua sekunde tatu na zaidi. Kutoka mita 45 hadi 22 na nusu linaongezeka mara mbili tena, safari hii kwa nusu ya muda ule. Ndiyo maana watu husema gari "limetokea ghafla" hata pale ambapo barabara imenyooka na hakuna kilichowakinga. Aliyetupa jicho mara moja amepiga picha, na picha haina mwendo. Inampasa arudi kuangalia tena, alinganishe picha ya kwanza na ya pili. Binti alipiga moja.

Kwa nini moja? Hapa nilipata jambo ambalo hakuna aliyekuwa amenieleza, wala yeye hakuona kama lina uhusiano. Siku mbili kabla ya ajali, makutano hayohayo, gari lilimzimia mara tatu mfululizo. Nyuma yake palikuwa na mtu mwenye haraka, akambana na honi hadi mjomba akashuka kwenda kumwomba radhi. Asubuhi ya ajali, binti anasema, alichokuwa anakihofia kuliko vyote ni gari kuzima. Alikuwa anasikiliza klachi inaposhika, anatazama pua ya gari kama imeanza kunyanyuka. Mwaka 1972 watafiti Mourant na Rockwell walifuatilia macho ya madereva wapya na wazoefu wakiwa barabarani, wakakuta wapya wanatazama karibu zaidi na mbele ya gari lao, na vioo wanaviangalia mara chache. Niliposoma habari hiyo zamani niliichukulia kama uzembe wa wanafunzi. Sasa naiona kama umaskini: mwanafunzi ana akili ileile ya kutumia kama wewe, ila klachi peke yake inamla nusu, na nusu inayobaki ndiyo anayogawia barabara nzima.

Watu watakuambia ubongo wa kijana haujakomaa, hupenda hatari. Kuna ukweli ndani yake, na ukitaka kuuona, mpakie kijana wenzake watatu usiku. Lakini kwenye kisa hiki hoja hiyo ni uvivu wa kufikiri. Huyu hakupenda hatari hata chembe. Alikuwa mtiifu mno.

Neno lenyewe

Turudi kwenye "haya".

Haya ni ruhusa: haya, twende. Haya ni nimekusikia. Haya ni kukubali kwa shingo upande: haya bwana, umeshinda. Haya ni kuaga kwenye simu, na ikivutwa kidogo ni karipio. Katika maongezi ya kawaida hakuna anayepotea, maana uso wa msemaji na sauti yake vinakamilisha. Ndani ya gari dereva haangalii uso wa msemaji. Anasikia neno tupu.

Mjomba ananiambia, na kwa uchungu kabisa, kwamba yake ilikuwa ya nimekusikia. Alitaka kusema: nimekusikia, ngoja nikuangalizie, huku kwangu hamna kitu. Alikuwa anatoa taarifa ya nusu barabara. Binti aliuliza kuhusu barabara nzima, akapokea neno la kwanza kama jibu, na maneno matatu yaliyofuata kama sababu ya jibu hilo. Ukiyasoma tena mazungumzo yale kwa masikio ya binti, hakuna mahali pa kumkosoa. Aliomba ruhusa kwa mkubwa, akapewa.

Lakini kuomba ruhusa alikutoa wapi? Hapo ndipo ninapoingia mimi.

Kwangu mwanafunzi wa mwanzo mwanzo huuliza, "Mwalimu, niende?", nami hujibu "nenda" au "bado". Nimefanya hivyo miaka mingi, na nilikuwa nauona kama uangalifu. Inakwenda vizuri kwa sababu mimi naangalia pande zote mbili, mguu wangu uko juu ya breki ya pili, na "nenda" yangu haina maana nyingine. Kwa masomo kumi binti aliuliza, nikajibu, akaenda, ikawa salama. Alichojifunza katika masomo hayo ni kwamba jibu la "niende?" linapatikana kiti cha pembeni. Masikio yake niliyazoeza vizuri sana. Macho yake niliyafanyia kazi mimi. Kisha nikamkabidhi kwa mjomba ambaye hakujua kwamba neno lile kwa binti ni amri, wala hakujua kwamba akiulizwa anatakiwa aangalie pande zote mbili, kwa sababu kwake yeye, na kwa mtu yeyote mwenye akili timamu, dereva ndiye anayeangalia upande wa dereva.

Kila mmoja aliacha upande ule kwa mwenziwe. Pikapu ikaja na upande ule.

Kiti kilichotaka kubadilishwa

Baada ya kishindo, jambo la kwanza mjomba alilosema ni, "Hamia huku." Hakuwa na maana ya kumwokoa. Alitaka wabadilishane viti kabla watu hawajakusanyika, ili aonekane yeye ndiye aliyekuwa anaendesha.

Ameniambia mwenyewe, na ameniruhusu niliandike. Sitamsema vibaya, maana nawajua wazazi wengi waliofanya hivyo kwa mapenzi. Lakini mapenzi hayo yana sumu. Binti alikuwa na haki ya kuwa pale alipokuwa: ana leseni ya kujifunzia, ana msimamizi pembeni, ana kibao. Hapakuwa na kosa la kuficha isipokuwa lile ambalo wangelitengeneza pale pale. Maelezo ya uongo yakifika polisi na kwenye bima, madai yanaweza kukataliwa yote, na madigadi yanakuwa ndiyo hasara ndogo kuliko zote. Tena umemwambia mtoto, saa ambayo hatakaa aisahau, kwamba kilichotokea ni cha aibu kiasi cha kufichwa.

Aliyewaokoa na hilo ni binti mwenyewe, na wala si kwa ushujaa. Alishindwa kuachia usukani. Mjomba anasema alimvuta mkono mara mbili. Jioni yake kiganja kilikuwa bado na alama ya mshono wa usukani, nukta nukta kama ya cherehani. Mpaka vidole vikalegea, dereva wa pikapu alikuwa ameshafika dirishani, mkali. Binti akashusha kioo akamwambia, "Shikamoo." Yule bwana akajibu "marahaba" kabla hajakumbuka kwamba amekuja kugomba. Kuanzia pale mambo yalikwenda kwa utulivu: taa za dharura wakawasha, wakapiga picha magari yakiwa palepale, ndipo wakayasogeza pembeni.

Yaliyobadilishwa

Mama yake binti alisema hataki kumwona tena kwenye usukani. Ilichukua siku nne kumshawishi, na hoja iliyompata haikuwa ya kwangu bali ya mjomba: kwamba kipindi hiki cha kuendesha na mtu pembeni ndicho chepesi zaidi. Amesema kweli. Katika nchi nyingi imeonekana kwamba mwanafunzi aliye na msimamizi hapati ajali nyingi. Hatari inapanda katika miezi ya kwanza baada ya leseni kamili, kiti cha pembeni kikishakuwa kitupu. Ndiyo sababu New Zealand, mwaka 1987, ilianza kutoa leseni kwa hatua, na nchi nyingine zikafuata: kwanza na msimamizi, kisha peke yako lakini kwa masharti, ndipo huru. Sasa mfikirie huyu aliyezoea kuuliza "niende?" siku ya kwanza hakuna wa kuulizwa. Kwa maana hiyo ajali yake imetokea mapema, mjomba akiwa yupo, na gari lililomjia likiwa limeshapunguza mwendo.

Nimelifuta swali lile kwa wanafunzi wangu wote. Mwanafunzi haniulizi tena, ananisimulia. Anasema anachokiona na anachotaka kukifanya, kwa sauti, na mimi nikinyamaza maana yake sina la kupinga. Nikipinga natumia neno moja tu, "ngoja", na nalitumia kabla gari halijaondoka. Likishaingia barabarani, la kusimamisha nalifanya kwa breki yangu. Mjomba, ambaye hana breki, tumekubaliana asipeleke binti mahali ambapo atahitaji kumpigia kelele. Wakati wa magari mengi wapite njia nyingine mpaka azoee. "Haya" imepigwa marufuku ndani ya gari, na mjomba ananiambia ni ngumu kuliko kuacha sigara.

Somo la klachi nalo tulilirudia, saa mbili nzima kwenye uwanja mtupu, kuondoka na kusimama, kuondoka na kusimama, mpaka akaanza kuzungumza habari nyingine huku mguu unafanya kazi yake. Nusu iliyokuwa inaliwa na klachi ilibidi irudi kwanza.

Siku ya tisa walirudi kwenye makutano yale. Mimi nilikaa nyuma. Mjomba alikuwa ameikalia mikono yake.

"Upande wangu naona pikipiki," binti akasema. "Nangoja. Upande wako hamna. Upande wangu kuna gari jeupe, mbali. Naliangalia tena. Limekua. Nangoja."

Nyuma yetu honi ikalia. Mjomba akafungua mdomo, akaufunga.

"Limepita. Wangu hamna. Wako hamna. Wangu tena, hamna. Naenda."

Akaachia klachi, na gari likazima. Honi ikalia tena, ndefu. Binti akavuta handbreki, akaliwasha, kisha akaanza kuangalia upya, kuanzia upande wake.